Inite haipandi lori: juu ya nini karte ya telefone inapita bei yake hapa Sakania?

Sakania, Haut-Katanga

Wandugu wakaaji wa Sakania, bamama wa soko, wanafunzi, wamotari, watu wa reli na wa dwane, na ninyi wa Lubumbashi mnaotusoma,

Leo tunasema juu ya kintu kidogo. Ni kidogo mpaka watu wengi wanaona haya kukiteta: zile falanga 100 ao 200 ambazo muuzishaji wa inite anaongeza juu ya karte. Unaomba inite za dola moja, anakutajia bei, unalipa, unaenda. Hakuna mtu atasimama barabarani kupiga kelele juu ya falanga 200. Lakini kintu chenye kila mtu analipa kila siku, na hakuna mtu anajua namna gani kimehesabiwa, hakiko kidogo tena.

Tuseme wazi toka mwanzo, ili mtu asitusikie vibaya. Hatuandiki ili kuchafua jina la kijana anayekaa chini ya parasoli na telefone zake tatu. Wengi wetu ni yule kijana, ao ni ndugu yake, ao tunakula kwa mkono wake. Tunaandika juu ya bei yenyewe, bei yenye haionekani.

Karte ya dola, mfuko wa falanga

Telefone za mkono zilienea Kongo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Celtel ilianza mwaka 2000, Vodacom ikafuata mwaka 2002. Wakati ule falanga yetu ilikuwa ingali mtoto mgonjwa. Ilizaliwa tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1998, dola moja ikiwa haifiki falanga mbili. Miaka mitano nyuma, dola moja ilikuwa inaomba zaidi ya falanga 300. Kampuni yenye kununua mashine zake kwa dola haikutaka kuandika bei yake kwa feza yenye kuyeyuka. Njo pale tukapata hesabu tunayoijua wote: inite 100 ni dola moja ya Marekani.

Kampuni ilijilinda, na tunaelewa. Lakini mzigo ulienda wapi? Ulienda kwa muuzishaji na kwa mnunuzi. Karte inahesabiwa kwa dola, lakini mama wa soko yuko na falanga. Mtu fulani lazima ageuze dola kuwa falanga, na yule mtu si banki. Ni kijana wa parasoli. Asubuhi anasikia bei ya dola kwa kambiste, anaogopa kesho itapanda, anaongeza kidogo ili asipoteze. Kila parasoli na hesabu yake.

Leo karte ya kukwangula inapungua, muuzishaji anakutumia inite kutoka telefone yake kwenda yako. Jina la karte limebaki, na tabia ya bei imebaki. Hata imekuwa mbaya zaidi, kwa sababu karte ya zamani ulikuwa unaishika mkononi na namba iliyoandikwa juu yake. Sasa kila kintu kinapita hewani, na bei inatoka mdomoni.

Bei yenye kulala inaweza kupanda

Tuchukue mfano wa hesabu. Ni mfano tu, kila mtu anaweza kuurudilia na bei za kwake.

Tuseme dola iko falanga 2800. Inite 100 zingepaswa kuwa falanga 2800. Muuzishaji anaziuzisha 3000. Ameongeza 200, ni karibu 7 kwa 100. Anaogopa dola itapanda, ananunua bando la mvua, analipa takse ya nafasi. Tunaweza kuvumilia.

Sasa dola inashuka mpaka 2400. Unarudi kwa parasoli ile ile, unauliza bei, anakuambia: « Ni 3000 tu, sawa siku zote. » Unafurahi, bei haijapanda. Lakini hesabu: inite 100 sasa zingepaswa kuwa 2400. Ile nyongeza imetoka 200 ikafika 600. Imetoka 7 kwa 100 ikafika 25 kwa 100. Hakuna mtu amegusa bei, na faida imekuwa mara tatu.

Huu si mfano wa kuota. Mwaka 2025 tuliona kwa macho. Katikati ya mwaka dola ilikuwa inapita falanga 2800, na mwezi wa 10 ilikuwa imeshuka chini ya 2500. Wanasiasa walisema kwa radio kama falanga imepata nguvu. Kinshasa waliwaambia wenye biashara washushe bei. Watu wa hapa waliuliza swali moja tu: hiyo nguvu ya falanga iko wapi, mbona hatuioni ndani ya sahani wala ndani ya telefone?

Jibu liko ndani ya hesabu ile. Dola ikipanda, bei inapanda siku ile ile, mbele ya saa sita ya mchana. Dola ikishuka, bei inalala usingizi. Tulisikia hata maneno haya: « Nilipata stoki na dola ya zamani. » Sawa. Lakini mwenye kusema vile, siku dola inapanda, anauzisha stoki ya zamani na dola ya zamani? Hapana. Haiwezi kuwa sheria moja ya kwenda na nyingine ya kurudi.

Mwenye kununua kidogo analipa zaidi

Kuna jambo la pili, na kwetu njo linaumiza kupita lote.

Mtu wa mshahara ananunua inite za dola 10 mara moja. Kwa dola ya 2800, zingepaswa kuwa falanga 28000. Tuseme muuzishaji anamwomba 28500. Nyongeza ni 500, haifiki 2 kwa 100. Motari ananunua inite 20, za kupigia simu mteja. Zingepaswa kuwa falanga 560. Lakini nani ako na falanga 60 za kurudisha? Anaombwa 700. Nyongeza ni 140, ni 25 kwa 100. Yule wa mshahara alilipa nyongeza ndogo, motari akalipa kubwa, na wote wawili walinunua kwa mtu mmoja, siku moja, chini ya parasoli moja.

Makuta kidogo yanakosa, hiyo ni kweli. Lakini tuangalie kila siku yanakosa kwa upande wa nani. Hesabu ikiwa 560, inakuwa 600 ao 700. Hatujasikia hata siku moja ikawa 500. Mtu wa falanga 500 anarudi kununua mara tano kwa siku, na kila mara anaacha pale kipande. Mwezi ukiisha ameacha unga wa siku nzima.

Na tusisahau nani ananunua inite 20 usiku. Ni mama mwenye mtoto anachomeka na homa, anataka kupigia simu muganga ao ndugu mwenye motari. Yule hapigi bei. Analipa yenye anaambiwa.

Feza tatu kwa meza moja

Hapa Sakania tuko na jambo lingine, lenye watu wa Lubumbashi hawalijui sana. Sisi tuko mlangoni. Reli kutoka Rhodesia ilifika hapa mwaka 1909, mbele ya kufika Élisabethville, na toka siku zile feza ya kule inaingia na ya huku inatoka. Ukienda soko leo, mama anapokea dola, falanga na kwacha kwa meza moja.

Kwa karte ya telefone, maana yake ni hii. Inite iko kwa dola. Muuzishaji anaihesabu kwa falanga. Mnunuzi ametoka upande wa Ndola, mfuko wake uko na kwacha. Ni kugeuza mara mbili, na kila kugeuza kuna mtu anakata. Akikata 5 kwa 100 mara ya kwanza, na 5 kwa 100 mara ya pili, mnunuzi amelipa zaidi ya 10 kwa 100 juu ya bei, na hajaona hata moja kati ya zile mara mbili. Aliona tu kwacha zake zikienda.

Ng'ambo ya mpaka, karte inahesabiwa kwa kwacha, feza ile ile yenye mtu anashika mkononi. Mtoto wa miaka kumi akitumwa anaweza kujua kama wamemwibia. Hatusemi kule ni paradiso. Tunasema jambo moja: bei ikiwa kwa feza ya mnunuzi, mnunuzi anaweza kujilinda. Bei ikiwa kwa feza ya mwingine, anabaki kuomba.

Inite haipandi lori

Mtu wa Sakania si mtu wa kudanganya juu ya bei zenye kupanda na sababu ya kweli. Mwezi wa 8 mwaka 2024, Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na hapa kwetu kwa siku chache, kwa ugomvi wa bia na vinywaji vyenye Kongo ilikataza kuingia. Lori zikisimama, vintu vinakosa. Vintu vikikosa, bei inapanda. Hatupendi, lakini tunaelewa. Hata wakati mpaka uko wazi, barabara ni mbaya, dwane inaomba, nyanya zinaoza. Bei ya nyanya inabeba yote hayo.

Lakini inite haipandi lori. Haipiti dwane, haiozi, haipasuki njiani. Inatoka kwa mashine ya kampuni, inafika Sakania na Lubumbashi kwa nukta moja. Na haiwezi kukosa: kampuni ikitaka inite milioni nyingine, inaziandika tu. Mtu akikuambia « inite zimepanda juu ya Sakania iko mbali », umwulize mbali na nini.

Kuna biashara ya karte nyingine duniani, yenye bei kupita bei ya kuandikwa, na inafaa kuiangalia ili kuona tofauti. Ni karte za kukusanya: picha za wachezaji wa mpira zenye Panini ya Italia imeziuzisha kwa ajili ya Kombe la Dunia toka Mexico 1970, ao karte za Pokémon. Pale kampuni inachapisha chache, watu wanazitaka sana, muuzishaji anaongeza anavyotaka. Mwezi wa 5 mwaka 2021, duka kubwa la Target kule Marekani liliacha kwa muda kuziuzisha ndani ya maduka, kwa sababu watu walikuwa wanazigombania mpaka kupigana. Lakini tuone: mtoto akikosa karte ya Pokémon, atalia, kesho atasahau. Ile ni karte ya mchezo, na bei yake ni juu ya upungufu na tamaa. Karte ya telefone haina upungufu, na si tamaa. Ni simu ya kwenda kwa muganga, kwa mteja, kwa mtoto anayesoma Lubumbashi. Basi juu ya nini bei yake ifanane na ya mchezo?

Nani anashika faida?

Kama tungesimama hapa, tungekuwa tumemtupia kijana wa parasoli mawe yote. Haingekuwa haki.

Kati ya kampuni na parasoli kuna ngazi. Kampuni inauzishia mgawaji mkubwa, mgawaji anauzishia depo, depo inauzishia kabine, na kila ngazi inaacha faida yake. Yule wa mwisho anapata kipande kidogo kupita wote, na njo yeye peke yake anakaa kwa jua, njo yeye anatukanwa na mnunuzi, njo yeye analipa tikiti ya soko kila asubuhi, hata siku yenye hajauzisha kintu. Kampuni inamlipa kidogo, inamwachia ajilipe mwenyewe juu ya mnunuzi. Kwa bango lake bei iko safi. Uchafu unaanzia barabarani, na barabarani kampuni haiko.

Sisi tunaita hiyo kuhamisha mzigo. Mwenye nguvu anahamisha hatari ya dola kwa mdogo, mdogo anaihamisha kwa mdogo zaidi yake. Mwisho wa mnyororo ni mama mwenye falanga 500.

« Bei ni huru »

Tunajua watatujibu hivi. Kweli, Kongo iko na sheria ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Tuisome jina lake lote. Iko na maneno mawili: uhuru, na ushindani. Wengi wanashika neno la kwanza na kuacha la pili chini. Ushindani ni pale mimi naweza kuona parasoli hii iko 2900 na ile iko 3000, nikachagua. Kama bei haiandikwi popote, kama lazima nimwulize kila mmoja na kila mmoja anitazame uso mbele ya kujibu, nitachagua namna gani? Uhuru wa kuweka bei si ruhusa ya kuficha bei.

Tukumbuke pia RAM. Mwaka 2020 walianza kukata inite zetu kwa jina la registre ya telefone: dola 1 kwa telefone ndogo, dola 7 kwa telefone za 3G na 4G. Raia waliteta kila mahali, wabunge walimwita waziri kujieleza, na mwanzo wa mwaka 2022 ikaondolewa. Tulishinda juu ya nini? Juu RAM ilikuwa na jina na ilikuwa na hesabu. Kila mtu aliona inite zimekatwa, akajua ngapi, akajua nani. Nyongeza ya karte haina jina, haina hesabu, haina mwenyewe. Njo maana inadumu. Kazi ya kwanza ni kuipa hesabu.

Tunaomba nini

Kwa makampuni ya telefone:
1. Kila asubuhi mtume ujumbe wa bure: leo inite 100 ni falanga ngapi. Dola ikipanda mseme, ikishuka mseme pia.
2. Mtangaze faida yenye muuzishaji wa mwisho anapata, na muiongeze kwa miji ya mbali kama Sakania, ili asiishi kwa kuongeza juu ya mnunuzi.

Kwa wauzishaji, ndugu zetu:
3. Mweke kibao. Karatasi moja na biki vinatosha: inite 20, 50, 100, 500, kwa falanga na kwa kwacha. Mwenye kuandika bei yake atapata wateja kupita mwenye kuificha.

Kwa Divisioni ya Ekonomi ya Haut-Katanga, kwa ARPTC na kwa wakubwa wa teritwari:
4. Mkianza kontrole, muanzie juu ya mnyororo, kwa wagawaji wakubwa. Msije kukamata parasoli na kuomba watoto feza halafu mkaandika raporo kama kazi imefanyika.

Kwa sisi raia:
5. Tuulize bei mbele ya kutoa namba. Tuulize pale na pale. Mwenye konti ya feza kwa telefone ajinunulie inite mwenyewe mara moja, aone amekatwa falanga ngapi: ile njo bei ya kulinganisha, hata kama nyuma yake atarudi kununua kwa parasoli.
6. Mtu asipindue meza ya mtu, asinyang'anye telefone ya mtu. Mwenye kufanya vile hayuko na sisi.

Kwa upande wetu, tunachukua kazi moja. Mwezi wenye kuja tutapita na daftari, parasoli kwa parasoli, kutoka gari moshi mpaka barabara ya mpaka. Tutaandika bei ya inite 20, ya 50 na ya 100, kwa falanga na kwa kwacha, pamoja na bei ya dola ya siku ile. Hatutaandika jina la muuzishaji yeyote. Tutaweka hesabu hapa hapa, kila mtu aone, na nakala tutaipeleka kwa ofisi zenye tumetaja. Mwenye kutaka kutembea nasi, alete biki.

Falanga 200 si mingi. Ndiyo maana tunaweza kuimaliza bila vita, kama kila mmoja anakubali kuihesabu kwa sauti.

Sisi, vijana raia wa Sakania